Bustani ya Juni: nyanya zinaungua majani na mparachichi umegeuka njano

Mkulima wa Utawala

Hamjambo, wakulima wenzangu. Ninalima mboga na miti michache ya matunda nyuma ya nyumba huku Utawala, Nairobi, katika ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo nyumba imekwisha kuimega nusu. Mvua za masika zilitosha, na kwa mboga za majani sina malalamiko: sukuma wiki inachumwa kila wiki, kunde zimeanza kutoa maua, na managu yameshamiri kiasi cha kuwagawia majirani.

Yanayonisumbua ni mawili. Nyanya zilianza kuzaa vizuri mwishoni mwa Mei, lakini tangu mawingu yatande na jua liwe la kuchungulia saa nane mchana, majani yametokwa na mabaka meusi yenye majimaji, baadhi ya mashina yamekuwa kahawia, na matunda mabichi yana madoa magumu. Ratiba karibu zote nilizosoma mtandaoni zinasema Juni ndio mwezi wa nyanya kushika kasi, jambo ambalo haliafikiani kabisa na ninachokiona.

Pili ni mche wa parachichi aina ya Hass, uliopandikizwa kitaluni, ambao niliupanda mwanzoni mwa mvua. Majani yake yote, machanga kwa makuukuu, yamekuwa ya njano na yananing'inia, ingawa udongo wetu huu mweusi unaonata kwenye viatu una unyevu tele. Je, niuongezee mbolea, au unahitaji dawa? Mpera ulio hatua chache kutoka hapo hauna neno.

Bwana Shamba Mstaafu (Kabete)

Ndugu, ratiba hizo zimeandikiwa watu wa Ulaya na Marekani, ambako Juni hufungua kiangazi. Nairobi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na kwetu Juni hufungua msimu wa baridi na mawingu unaoendelea hadi Agosti. Ratiba hizo zitakufaa kwa kupata hamu ya kula tu.

Maelezo yako ya nyanya ni ya ugonjwa wa blaiti ya baridi, inayoletwa na kimelea cha Phytophthora infestans, hichohicho kinachoteketeza viazi. Geuza jani asubuhi na mapema. Ukiona ukungu mweupe upande wa chini, pembeni mwa baka, huna haja ya kutafuta jibu jingine. Dawa za mankozebu na za shaba hulikinga jani ambalo halijaambukizwa, wala haziponyi lililokwisha kuugua. Kwa hiyo ng'oa nyanya zote, uzifukie mbali, na usizitupe kwenye rundo la mboji.

Mparachichi ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mizizi yake inayofyonza chakula hukaa juujuu, mingi ikiwa ndani ya sentimita 30 za kwanza, na inahitaji hewa kuliko ya miti mingi unayoijua. Udongo mweusi huvimba unapolowa na kuziba nafasi za hewa, na shimo lililochimbwa humo kisha likajazwa udongo laini na samadi hutuamisha maji kama chungu. Mizizi ikikosa hewa huvamiwa na Phytophthora cinnamomi, jamaa wa kimelea cha nyanya zako, nayo huoza, na ndipo majani hunyauka kwa kiu ilhali mti umesimama majini. Mbolea kwa sasa itaiunguza hata mizizi iliyosalia. Kama njano ingekuwa kati ya mishipa ya majani machanga peke yake, ningeshuku upungufu wa madini ya chuma, kwa sababu udongo huo mara nyingi una chokaa nyingi, lakini haya ya kwako ni mambo ya maji.

Kwa kuwa mti bado ni mdogo, unyanyue pamoja na bonge lake la udongo na uukague. Mizizi myeupe ikiwa mingi, uupande mti juu ya tuta la mviringo la udongo mwekundu uliochanganywa na mboji, lenye kimo cha nusu mita na upana wa mita moja na nusu, kisha uchimbe mfereji wa kuondoa maji. Mawingu haya yanasaidia, kwa maana majani hayapotezi maji mengi. Mizizi ikiwa myeusi na inakatika ovyo, usijisumbue. Nunua mche mwingine, na tuta ulijenge mahali pengine.

Mama Minji (Kahawa Sukari)

Ninamheshimu mzee, lakini kung'oa nyanya zote ni haraka. Mimi huondoa zilizoharibika mashina, nikakata majani ya chini ya zilizobaki, nikaziezekea plastiki angavu iliyo wazi pembeni ili umande na manyunyu visitue majanini, na maji nikayamwaga kwenye shina tu. Hazizai sana, ila zinatosha jikoni. Nafasi zitakazobaki wazi weka minji, karoti na dania, ambazo baridi hii haizisumbui, na viazi uviweke kando kabisa. Managu yako pia yaangalie, kwani ni ukoo mmoja na nyanya.

Mkulima wa Utawala

Asante sana, mzee, na wewe pia, mama. Mche nimeunyanyua leo: upande mmoja mizizi ilikuwa imeoza, upande wa pili bado ni myeupe, kwa hiyo nimeujengea tuta. Nyanya nimebakiza mstari wa ukutani na kuuezeka. Swali dogo: nimeambiwa Hass hauzai bila Fuerte, aina nyingine ya parachichi, karibu. Nafasi ya mti wa pili sina.

Bwana Shamba Mstaafu (Kabete)

Hass huzaa hata ukiwa peke yake. Ni kweli kwamba ua lake hufunguka likiwa jike asubuhi na kuwa dume alasiri ya kesho yake, ilhali Fuerte huenda kinyume, ndiyo maana miti hiyo miwili ikikaribiana mazao huongezeka. Chungulia kwa jirani kwanza. Mparachichi wake ukiwa wa Fuerte, nyuki watakufanyia kazi hiyo bila kudai nafasi. Kwa mwaka huu, maua yakitokea kwenye huo mche wako mgonjwa, yatoe yote, nguvu irudi mizizini.