Jina la mtoto wa kike, rashi Vrishabha: Uma au Bhavya?

Mlezi_Kisutu
Habarini. Mtoto wa kike, kazaliwa Dar, familia ni Wagujarati. Pandit, yaani kuhani wa Kihindu, kasema rashi (nyota ya kuzaliwa, kwa Mwezi ulipokuwa) ni Vrishabha (Ng'ombe), kwa hiyo herufi za kuanzia jina ni B, V na U. Bibi anataka Uma. Fui, yaani shangazi yake aliyeko Leicester, kaleta Bhavya. Chhathi, sherehe ya siku ya sita, ni keshokutwa na cheti bado hakijajazwa. Nikague nini kabla jina halijaandikwa?

Pada108
Bhavya liondoe. Kwa herufi za Kilatini linaonekana ni la B, ila kwa Kigujarati "ba" na "bha" ni herufi mbili, na "bha" ni ya Dhanu (Mshale), rashi nyingine. Mtu wa Mombasa anayetofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tu atalishika hili upesi. D nayo ni hivyohivyo: ile ya ulimi uliokunjwa ni ya Karka (Kaa), ile ya ulimi kwenye meno ni ya Meena (Samaki). Jina liandikwe kwanza kwa Kigujarati, ndipo uangalie herufi.

Kisha hakikisha saa. Nakshatra, yaani vituo vya Mwezi angani, ni 27, kila kimoja kina pada (robo) 4, na Mwezi hupita pada moja kwa saa 6 hivi. Mtoto akizaliwa saa tatu usiku, nawe ukamwandikia pandit wa Rajkot, India, "3 usiku", ataelewa saa tisa. Hapo umeruka pada nzima! Kila pada ina silabi yake: za Rohini, nakshatra mojawapo ya Vrishabha, ni O, Va, Vi, Vu. Vi imeshageuka Vu, na kama alikuwa pada ya mwisho, ametoka Rohini kabisa. Andika 21:00, Dar es Salaam, basi. Usijiongezee zile saa 2 na nusu za India, pandit atazihesabu mwenyewe.

Bint_Upanga
Uma ni jina la mungu wa kike Parvati, zuri mno. Lakini shuleni Dar atakuwa uma wa kulia wali, na watoto hawasahau. Tisha ni kutisha, Riya ni kujionyesha, Sita ni namba. Dhara, kwa Kisanskriti ardhi, huku ni umoja wa madhara. Bibi asinyimwe: Uma libaki jina la rashi, litumike kwenye puja (ibada) na siku ya ndoa, cheti kibebe jingine. Mimi ningechukua Vani (usemi, jina la Saraswati, mungu wa kike wa elimu), Urvi (dunia) au Usha (alfajiri).

Kamusi_Wazi
Maana usizichukue kwenye orodha za mitandaoni. Anaya huuzwa kama "asiye na wa kumzidi". Kisanskriti *anaya* ni mwenendo mbaya. Linalotafutwa mara nyingi ni Ananya, "asiye na mwingine". Aarav wanasema ni utulivu, kumbe *ārava* ni kelele. Fungua kamusi ya Kisanskriti ya Monier-Williams ya 1899, iko bure mtandaoni.

Mlezi_Kisutu
Asanteni sana. Fui kakubali Vani. Niandike Vani au Vaani?

Pada108
*Vāṇī* ina *a* ndefu, kwa hiyo Vaani ndiyo sahihi zaidi, na Mswahili ataisoma vizuri bila kufundishwa. Ila ukishaandika Vaani kwenye cheti, iwe Vaani kwenye kadi ya kliniki, shule na pasipoti. *A* moja ikipungua, utaapa kiapo cha majina.