Re: Karati 9 au 22, dhahabu ya harusi Lamu

Asalaam alaikum jamaa. Mdogo wangu aolewa Lamu mfungo mosi inshallah, nataka kumchukulia bangili huku Uingereza, kuna duka wana za karati 9 bei poa kweli. Tena kuna pete ya almasi wameandika karati nusu, sasa nusu si takataka hiyo jamani?

---

Waalaikum salaam dada. Si takataka, hizo karati mbili jina moja tu kazi mbalimbali. Ya kito ni uzani, karati moja gramu 0.2. Ya dhahabu ni usafi, wanaigawa mafungu 24, sasa ukiambiwa 9 ujue mafungu 9 ndio dhahabu na 15 ni shaba, fedha na mchanganyiko, yaani haifiki hata nusu!! Hawajakuibia, Uingereza sheria inaruhusu kuiita dhahabu, ila wewe wawajua mama zetu, bangili ikitua mkononi kabla ya hongera ishageuzwa kutazamwa ndani.

Na wewe igeuze hapo hapo dukani. Utaona tarakimu tatu, ni sehemu kwa elfu: 375 ndio 9, 585 ni 14, 750 ni 18, 916 ni 22. Kando yake pawe na alama ya ofisi iliyopima, London kichwa cha chui, Sheffield waridi, Edinburgh ngome, Birmingham nanga (bahari hawana lakini nanga wanayo, haya). Kitu chini ya gramu 1 hakilazimishwi muhuri, kwa hiyo kipini kisipokuwa nao usitishike. Ukiona GP rudisha, hiyo ya kuchovya, kwa joto la Lamu na jasho la harusi rangi yote itabaki kwenye kanga.

---

Naongezea, niko Marekani. Huku wanaandika K, na 10K tele madukani. Dada piga hesabu, bangili ya gramu 20 ya karati 9 ina dhahabu gramu 7.5 tu, ya gramu 10 ya karati 22 ina 9.16. Nyembamba ina dhahabu zaidi ya nene! Na siku akitaka kuiuza sonara pale Langoni ataitia mizani na kulipa dhahabu iliyomo, unene haumhusu.

---

Shukran sana jamani, nachukua ya 22 hata kama nyembamba. Na pete je?

---

Pete ya almasi dada muachie bwana harusi 😂