Weusi wa jeshi la Kusini Marekani: walikuwa askari kweli au watumwa waliopelekwa vitani?

Wakuu habari zenu. Kuna picha ya 1861 inazunguka sana kwenye magrupu, vijana wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja mzungu mmoja mweusi, wote wamevaa magwanda ya jeshi la Kusini la Marekani na wameshika bunduki na visu virefu, chini yake wameandika kwamba weusi kwa maelfu walijitolea kuipigania Kusini kwa hiyo vita ile haikuhusu utumwa. Nazungumzia vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 mpaka 1865, majimbo ya Kusini yenye watumwa yalipojitenga yakapigana na Kaskazini. Nimeumia kuona Waafrika wenzangu ndo wanaisambaza. Mi nakataa, karibuni tubishane kwa hoja.

Huyo mweusi anaitwa Silas Chandler, wa Mississippi. Mzungu ni Andrew Chandler. Majina yamefanana kwa sababu Silas alikuwa mtumwa wa familia hiyo, wakampeleka vitani akamhudumie kijana wao. Watumishi wa namna yake walikuwa wengi kwenye kambi za Kusini, wanapika, wanafua, wanatunza farasi, wanabeba majeruhi. Uzeeni Silas akaomba pensheni na akapewa, ila fomu aliyojaza ilikuwa ya watumishi wa askari, sio ya askari. Yani jimbo lenyewe la Mississippi lilijua alikuwa nani, sisi leo kwenye simu ndo tunampandisha cheo bila kumuuliza! Na tofauti ya askari na mpagazi sisi tunaijua, Kariakoo ya Dar jina lake limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza.

Halafu jiulizeni, kama hao maelfu walikuwepo tangu mwanzo, kwa nini wakubwa wa Kusini walikuwa wanagombana juu ya kuwafanya weusi askari mpaka dakika ya mwisho? Januari 1864 Jenerali Patrick Cleburne wa jeshi la Kusini alipendekeza watumwa wapewe silaha na uhuru kwa kuwa askari wanawaishia, Jefferson Davis, rais wa Kusini, akaagiza hoja hiyo inyamazishwe kabisa. Mwaka uliofuata Howell Cobb wa Georgia, jenerali na mwanasiasa wa Kusini, akaandika kwamba mtumwa akiweza kuwa askari mzuri basi nadharia yao yote ya utumwa ni ya uongo. Hapo ndo penyewe. Sheria ya Kusini ya kuwaandikisha weusi jeshini ilipita tarehe 13 Machi 1865, na tarehe 9 Aprili Jenerali Lee, mkuu wa majeshi ya Kusini, akasalimu amri, haikufika hata wiki nne, wachache waliofanyishwa kwata pale Richmond, makao makuu ya Kusini, hawakuwa na muda wa kubadilisha lolote.

Mtaniambia kuna mweusi aliyefyatua mzinga upande wa Kusini kwenye pigano la Bull Run, Virginia, Julai 1861. Ni kweli, John Parker, mtumwa, aliwekwa kwenye mizinga pamoja na wenzake. Lakini alipotoroka alisimulia mwenyewe kwamba moyoni walikuwa wanaomba Kaskazini washinde na walipiga kwa sababu wangekataa wangeuawa. Mtu wa hivyo utasemaje alijitolea? Upande wa Kaskazini, mlango ulipofunguliwa, wanajeshi weusi walifika kama 180,000, wengi wao wametoka utumwani.

Sasa kuna sehemu moja inanipa shida na sitaki kuiruka. New Orleans, 1861, weusi huru walijiandikisha wenyewe kwenye mgambo wa Louisiana upande wa Kusini, hawa hawakuwa watumwa wa mtu, jamii yao ilikuwa na wenye maduka na majumba, wengine mpaka walimiliki watumwa. Kusini haikuwapeleka vitani hata siku moja. Mji ulipochukuliwa na Kaskazini 1862, baadhi yao, sio wote, wakajiunga na Kaskazini, akiwemo André Cailloux aliyeuawa Mei 1863 akiongoza askari wake kushambulia Port Hudson, ngome ya Kusini huko Louisiana. Mi naona wengi wao 1861 walikuwa wanalinda roho na mali zao, maana mweusi huru aliyekaa pembeni angeonekana adui, ila yule aliyekuwa na watumwa nyumbani kwake simtetei.

Kwa hiyo Silas na Parker kwangu hawana deni la kujibu. Hawa wa New Orleans je? Anayeona walisaliti aje na sababu, na anayeona hawakuwa na njia nyingine atuambie wangefanya nini Aprili 1861 wakiwa na familia ndani ya mji ule.