Nimekutwa na vimelea vya malaria kwenye kuchangia damu na siumwi. Nifanyeje?

Habari zenu wanajamvi. Nachangia damu huu mwaka wa sita. Juzi nilichomwa kidole kama kawaida, dada wa maabara akadondosha tone kwenye kipimo, akakitazama, akakitazama tena. Mistari miwili. Akaniambia kwa upole kuwa leo sitatoa.

Sina homa, nakula vizuri. Kinachoninyima usingizi ni chupa niliyotoa miezi minne iliyopita. Kama nilikuwa navyo tangu wakati ule, aliyeongezewa yuko hali gani? Je, kama ni mtoto? Naombeni ushauri.

Mtu wa Hadubini: Pole mkuu. Kutoumwa si ajabu. Aliyekulia penye malaria mwili huzoea, vimelea vikabaki vichache damuni bila dalili yoyote. Friji ya damu, nyuzi 2 hadi 6, haiviui upesi. Huvuka hata wiki nzima vikiwa hai. Tena vikiwa vichache, tone moja chini ya hadubini laweza kuonekana safi, ilhali mililita 450 zimebeba vya kutosha kumwambukiza mtu. Unalala kwenye chandarua? Uliwahi kupata homa kabla ya kutoa ile chupa?

Mleta uzi: Chandarua kilichanika, sijanunua kingine. Na homa nilipata, kama wiki mbili kabla. Nikanywa dawa ya maumivu ikatulia. Kwenye fomu niliandika hapana. Niliona ni jambo dogo.

Nesi: Ndugu yangu, hilo ndilo la kwanza kuwaambia kituoni, leo hii. Kila chupa ina namba, wanaweza kuifuatilia. Wanaoongezewa damu sana penye malaria ni watoto wadogo na wajawazito, na ndio malaria huwalemea. Halafu utibiwe, umalize dozi. Kipimo cha haraka husoma protini ya kimelea, hivyo chaweza kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya kupona. Usikate tamaa. Muda wa kusubiri kabla ya kuchangia tena waulize wao; Marekani ni miaka 3, penye malaria nyingi huwa mfupi zaidi, la sivyo wachangiaji wangekwisha.

Damu Salama: Angalia na minyoo. Minyoo ya safura haipiti kwenye chupa, ila inakunyonya damu tumboni, unafika kuchangia himoglobini (inayobeba oksijeni kwenye damu) iko chini.

Mleta uzi: Nimewapigia. Nimewasomea namba ya kadi yangu na nimewaambia kuhusu ile homa. Wanatafuta chupa ilikokwenda. Dozi nimeanza jana jioni.