Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi: je, ni kweli inaleta ugumba?

MamaWatatu:
Ndugu zangu, binti yangu wa miaka 12 amekuja na taarifa kwamba wiki ijayo watachanjwa shuleni dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Jirani yangu, mama ninayemheshimu sana, amenisikilizisha sauti iliyosambazwa WhatsApp, ambamo mtu anayejiita tabibu anadai kuwa chanjo hiyo ina homoni ya kufunga kizazi, kwamba maaskofu wa Kenya walilithibitisha jambo hilo mwaka 2014, na kwamba yeye anauza dawa ya mitishamba ya kusafisha kizazi inayokinga saratani hiyohiyo. Naomba anayefahamu anieleze.

Mwanamaabara:
Dada, madai ya mwaka 2014 hayakuihusu chanjo hii hata kidogo. Yaliihusu chanjo ya pepopunda, iliyokuwa ikitolewa Kenya kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, ambayo maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kuwa ina hCG, homoni ya ujauzito. Sampuli zilipimwa kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu, ilhali chanjo ina viambata vinavyoweza kuvuruga kipimo cha aina hiyo kikatoa jibu la uongo. Sisi tunaofanya kazi maabara hatuwezi kulipuuza kosa hilo, kwa sababu namba inayotoka kwenye kipimo kisichofaa haina maana yoyote, hata mashine ikiwa mpya.

Uvumi wenyewe ulikwisha kuzunguka Mexico na Ufilipino tangu miaka ya 1990. Huko India watafiti walikuwa wamejaribu chanjo ya kuzuia mimba kwa muda, iliyounganisha hCG na kiini cha chanjo ya pepopunda, na watu wakaichanganya bidhaa hiyo ya majaribio na chanjo ya kawaida. Maaskofu waliuliza pia kwa nini wachanjwe wanawake peke yao, na swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Jibu ni kwamba mtoto mchanga huambukizwa pepopunda kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, na kinga yake huipata kwa mama kabla hajazaliwa.

MuuguziMstaafu:
Naongeza kuhusu chanjo yenyewe. Ina protini ya ganda la nje la HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Haina kirusi kamili wala homoni. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Tena haikujaribiwa Ulaya tu: wasichana 930 walishiriki utafiti Mwanza, na huko Kenya wasichana na wanawake vijana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu walishiriki mwingine, ulioonyesha kuwa dozi moja inazuia maambukizi ya kudumu ya aina hizo mbili kwa asilimia 97.5.

Mitishamba siidharau. Dawa mseto ya malaria tunayoimeza ina asili ya mmea, lakini kiini chake kilitengwa, kikapimwa, na kipimo cha kumeza kikajulikana. Huyo wa kusafisha kizazi hajafanya lolote kati ya hayo. Nilipokuwa kazini nilimpokea mama aliyekuwa akitokwa damu isiyo ya kawaida, ambaye alikunywa dawa za namna hiyo kwa miezi minane kabla ya kuja kwetu. Alikuja amechelewa, na hadi leo moyo unaniuma nikimkumbuka.

MamaWatatu:
Nawashukuru sana. Binti atachanjwa. Je, na mimi mwenye miaka 38 nichanjwe?

MuuguziMstaafu:
Mwanangu, chanjo haikiondoi kirusi kilichokwisha kuingia mwilini. Kwa umri wako nenda kituo cha afya ukapimwe mlango wa kizazi kwa siki. Huchukua dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Mchukue na jirani yako mwende pamoja.