Tupeane uzoefu: kitenzi "borrow" kiliwahi kukuponza?

Mzazi wa Nakuru: Jana binti yangu alirudi kutoka shuleni amenuna kwa kuwa alichekwa na darasa zima aliposema "borrow me your pen" badala ya "lend me your pen" (niazime kalamu yako), nami nikakumbuka viboko nilivyokula kwa maneno hayohayo. Nani mwingine yalimpata?

Karani wa Kondele: Mimi, na yangu yaliniingiza hasara. Nilikuwa karani wa chama chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, na kwa kutaka kuonekana msomi niliandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiingereza, kwamba "the group has borrowed her 12,000 shillings", nikikusudia kusema kwamba tumemkopesha mama mmoja. Siku ya kugawana akiba, mama yule, ambaye hakuwa amelipa hata senti, alikuja na mwanawe aliyesoma, wakafungua daftari kwenye ukurasa wenye doa la chai, na kijana akatusomea polepole kwamba chama ndicho kilichokopa shilingi 12,000 za mama yake. Mweka hazina alinitazama, akauliza, "Bwana karani, huu si mwandiko wako?" Baada ya mabishano ya saa mbili mama alikubali kulipa nusu, na nusu iliyobaki ikakatwa kwenye mgao wangu.

Wa Bungoma: Pole sana, ndugu. Mimi nilipoteza alama moja tu ya insha.

Mchuuzi wa Kibuye: Sisi Wajaluo tuna "holo", na neno hilo ni la anayetoa na anayepokea pia. Tungejuaje?

Mwalimu, Kakamega: Usikisingizie Kijaluo. Hata Kiswahili husema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu", "leihen" ya Kijerumani hufanya vivyo hivyo, na huko Marekani, Minnesota na Wisconsin, wapo wazawa wanaosema "borrow me". Sisi hutofautisha kitu, kwani fedha hukopwa na kalamu huazimwa, ilhali Kiingereza hutazama anayetoa ni nani: mpokeaji "borrows from", mtoaji "lends to".

Mchuuzi wa Kibuye: Sikusingizia, Mwalimu, nilieleza. Kama Wamarekani husema, kwa nini mtoto achekwe?

Mwalimu, Kakamega: Kwa sababu mtihani wake hausahihishwi Wisconsin.

Wa Naivasha: Mimi husema "give me" tu, kisha huamua mwenyewe kama nitarudisha.

Wa Bungoma: Karani, mama yule bado yumo chamani?

Karani wa Kondele: Yumo, na mwezi uliopita alikopa tena. Safari hii niliandika "amekopeshwa", naye akatia sahihi.