Naomba ushauri: kufunga mabomba ya bati ya kufyonza vumbi kwenye karakana ya nyumbani

RandaNaMsasa (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za kazi. Nina karakana ndogo nyumbani, nafanya useremala jioni nikitoka kazini. Mashine ni tatu: msumeno wa meza, mashine ya randa na msumeno wa mkanda. Mashine ya kufyonza vumbi ninayo, mdomo wake inchi 6. Kila siku nahamisha hozi kutoka huku kwenda kule, nimechoka. Nataka nifunge mabomba ya bati juu ya ukuta yakae moja kwa moja.

Nilichopanga: laini kuu ya inchi 6, matawi ya inchi 4 yanashuka kwa kila mashine, kila tawi na geti lake (kibao cha kuteleza cha kufungua na kufunga hewa). Bati ni lile jepesi la mifumo ya hewa ya majumbani, linalokuja wazi kisha unalibana mshono. Litafaa? Skrubu au riveti? Na ile ncha dume, iliyofinywa, ielekee kwenye mashine ya kufyonza au kwenye msumeno? Nimeuliza mafundi wawili, kila mmoja na lake.

kijana_wa_mbao
Weka plastiki mkuu, ulale mapema.

MzeeBati
Plastiki si mbaya, ila kijana ameulizwa bati, tujibu bati.

Dume lielekee hewa inakokwenda, yaani kwenye mashine ya kufyonza. Ukigeuza, ukingo wa bati unakaa ndani ukitazamana na mkondo, na maranda marefu ya randa yananasa hapo. Likinasa moja, mengine yanajazana nyuma yake. Huyo aliyekwambia kinyume nadhani amezoea bomba la moshi la jiko la kuni. Lile dume lake huangalia chini ili utomvu wa moshi urudi jikoni usivuje nje. Kazi tofauti kabisa.

Angalia sana viungo vya matawi. Vile vya mifumo ya hewa vimetengenezwa kugawa hewa, wewe unaikusanya. Kwa hiyo ncha zake zote zitakuwa zimegeuka kwako. Tafuta koleo la kufinyia bati utengeneze dume upya, au nunua viungo vya vumbi vyenyewe. Na tawi liingie laini kuu kwa mshazari wa digrii 45, likifuata mkondo. Tii ya mraba, ile inayoingia wima kama herufi T, usiiguse.

Unene: geji 26, kama nusu milimita, inatosha kwa inchi 6. Geji 30 ni nyembamba zaidi (namba ikipanda bati linapungua unene, wengi huchanganya hapa). Siku ukisahau mageti yote yamefungwa na mashine inavuta, hilo geji 30 linaweza kujikunja kama kopo lililokanyagwa.

HesabuZaHewa
Kabla hujakata bati, rudi kwenye vipimo. Hapo ndipo mpango wako una shida.

Vumbi la mbao linahitaji hewa inayokimbia kama mita 20 kwa sekunde ili lisitue kwenye bomba lililolala. Tawi la inchi 4 kwa mwendo huo linapitisha kama mita za ujazo 580 kwa saa. Hewa hiyohiyo ikiingia laini ya inchi 6, ambayo tundu lake ni kubwa mara 2.25, mwendo unashuka hadi karibu mita 9. Kwenye tawi vumbi linakimbia, likifika laini kuu linalala. Baada ya muda una bomba zito lililojaa unga, na utalaumu mashine.

Kwa mdomo wa inchi 6 ningepeleka inchi 6 mpaka kwenye mashine yenyewe na kupanua tundu la mashine kama linaruhusu. Laini ya inchi 6 kwa mwendo wa mita 20 inabeba kama mita za ujazo 1,300. Pale usipoweza kupanua, fungua mageti mawili kwa pamoja.

RandaNaMsasa
Asante sana. Kwa hiyo msumeno wa mkanda wenye tundu la inchi 4 nifungue na geti la jirani?

HesabuZaHewa
Ndiyo. Au uupe matundu mawili, moja chini ya meza na jingine kwenye kabati la gurudumu la chini. Hozi ya mikunjo iwe fupi uwezavyo, kwa urefu uleule inakaba hewa karibu mara tatu ya bomba laini.

DadaSeremala
Kaka, mimi naongeza machache ya mikono. Vaa glavu, ukingo wa bati unakata bila kukuambia. Pima na ukate kwa mkasi wa bati *kabla* ya kubana mshono, ukishabana linakusumbua. Kata upande wa jike, dume libaki. Mshono ukae juu, uzibe kwa tepu ya alumini. Ile tepu ya kitambaa gundi yake inakauka na kuachia.

Riveti tatu kila kiungo. Skrubu ndefu ncha zake zinabaki ndani na kukamata maranda.

kijana_wa_mbao
Na umeme tuli je? Si ndiyo mnasifia bati kwa hilo?

MzeeBati
Bati lenyewe linapitisha, ila geti la plastiki linakata njia. Ruka hapo kwa waya kisha unganisha mfumo na ethi. Mimi ninachoogopa zaidi ni cheche: usisage chuma na grainda karibu na mdomo ulio wazi. Cheche ikifika kwenye mfuko wa vumbi inaweza kufuka taratibu ukiwa umeshalala.

DadaSeremala
Na barakoa usiivue. Vumbi la mbao lipo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani vya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, tangu 1995, na mfuko wa kitambaa wa kawaida unapitisha ule unga mwembamba usioonekana.

RandaNaMsasa
Nimeelewa. Inchi 6 mpaka mwisho basi. Swali dogo: mwisho wa laini kuu, baada ya tawi la mwisho, naziba moja kwa moja?

MzeeBati
Weka kifuniko cha kuchomoa, bila silikoni. Hapo ndipo utapitisha tochi na fimbo siku kipande cha mbao kikikwama.